Kofia Katika Kiota cha Mwewe

Mimi si mtu wa kukaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliuza vitambaa vya jora Eastleigh, nikipanda na kushuka ngazi za maduka tangu asubuhi, na jengo letu lilipofungwa ili livunjwe nilijiambia nitapumzika wiki mbili kisha nitafute kibanda kwingine. Wiki mbili hazijaisha, binti yangu akajifungua. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha akarudi kazini, akaniachia mtoto. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi nilikuwa naianza upya kazi hiyo nikiwa na miaka hamsini na miwili. Nilimpenda mjukuu wangu kupita kiasi, lakini kufikia mwezi wake wa saba nilikuwa nimezichukia kuta za ile nyumba. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilifungua friji nikaifunga bila kutoa kitu.

Tulikaa ghorofa ya nne, ya mwisho, nyuma ya Soko la Burma: mimi, binti yangu, mtoto, na mama yangu mzazi aliyekuwa amepita miaka themanini. Mama alizaliwa Mombasa, akaletwa Nairobi na ndoa. Magoti yalikuwa yamemshinda, na tangu Idi hakuwa ameshuka ngazi hata mara moja. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa roshani, akifuma kofia na soksi za mtoto kwa vidole ambavyo havikuhitaji tena msaada wa macho. Yeye aliweza kukaa. Aliniangalia nikizunguka sebuleni akasema nitamfundisha mtoto kuhangaika kabla hajajifunza kutambaa.

Nyuma ya jengo kulikuwa na mkaratusi mmoja mrefu, umebanwa kati ya ukuta wetu na ghala la mitumba. Mwezi wa nane mwewe wawili wakaanza kujenga humo, kwenye panda iliyokuwa sawa na macho yangu nikisimama roshani. Kama si vile vyuma vya kuzuia wezi, ningeweza kuwatupia kipande cha chapati. Asubuhi ya kwanza niliwaona nikawapuuza. Ya pili nikasimama na chai. Ya tatu nikamkuta mama ameshageuza kiti changu, akakielekeza kwenye mti.

Ndege wale walikuwa wanakula Burma kama watu wengine. Wauza nyama wa pale wana desturi yao: kabla hawajaanza kumpimia mteja wa kwanza, hurusha vipande vya mafuta juu ya mabati, wakiamini kwamba mwewe akishiba asubuhi hatamnyang'anya mtu sahani mchana. Haijawahi kuwa kweli. Nimemwona kwa macho yangu mzee wa suti akibaki na ugali na kachumbari, nyama imekwenda zake hewani. Lakini mafuta bado yanarushwa kila siku, na yule dume wa kwetu alikuwa akirudi mtini na sehemu yake kabla redio haijamaliza habari za asubuhi.

Walijenga kwa vijiti kwanza, kisha wakaanza kuleta matambara. Hapo ndipo waliponinasa. Nilimwona jike akija na kamba ya gunia, akaja na soksi moja, akaja na kishungi cha nywele za bandia ambacho jirani yangu wa ghorofa ya chini alikitafuta siku mbili. Jirani huyo ni mama wa kutoka Murang'a, anayesambaza mayai madukani kwa gari lake, na alipokiona kishungi chake kikining'inia pale juu alisema waachiwe tu, kwa sababu hakikumpendeza hata yeye. Jike akilala juu ya vitu hivyo alijizungusha, akatoka, akapanga tena, akarudi. Nilimwelewa kabisa.

Mama alikuwa na sheria zake kuhusu nguo za mtoto mchanga. Hazianikwi nje, zinaanikwa ndani, mahali ndege hawawezi kupita juu yake. Nilizaliwa na kulelewa chini ya sheria hizo na nilikuwa nimezichoka. Ile nyumba ilikuwa na baridi, nguo zilinuka uvundo, nami nikawa nazipandisha juu ya paa pamoja na zetu. Asubuhi moja nilianika kofia ya rangi ya machungwa ambayo mama alikuwa amemaliza kuifuma wiki ile. Nilikuwa nainama kuchukua nguo nyingine niliposikia kibanio kikiruka. Nilipoinua kichwa mwewe alikuwa ameshavuka ukingo wa paa na kofia mguuni.

Nilishuka nikicheka, nikamsimulia mama kama kichekesho. Hakucheka. Aliweka sindano zake chini, akauliza kama imefika kiotani. Nikamwambia imefika, na jike ameshaikalia.

"Nguo ya mtoto haikai kwa ndege," alisema. "Kaitoe."

Kwa asiyejua, watu wa kwetu pwani huamini kwamba kuna ndege ambaye kivuli chake, au manyoya yake, au kugusa kwake nguo ya mtoto, humletea mtoto ule ugonjwa wa kukakamaa na kutetemeka, macho yakageuka juu. Wanauita dege. Nimesoma hadi kidato cha nne, na najua kwamba ni homa ikipanda. Nikamwambia mama hivyo, tena kwa sauti ya kumfundisha, nikamkumbusha kwamba amekaa Nairobi miaka sitini. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba mwenye magoti mabovu katika nyumba ile hakuwa mimi. Naona haya kuandika jibu hilo, lakini nililitoa, na tena nililifurahia.

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza, "Bado iko?" Nami nilimjibu, "Iko, Mama." Ilikuwa salamu yetu. Rangi ile ilionekana wazi pembeni ya kiota, kati ya vijiti na kishungi cha jirani. Jike alikuwa ametaga mayai mawili, meupe yenye madoa ya kahawia; niliyaona kutoka juu ya paa siku alipopisha ili dume alalie. Wiki tano waliyalalia. Mvua ya kwanza ilimkuta jike pale, akatandaza mabawa na kukaa, maji yakimtiririka mdomoni, na mimi nikasimama nyuma ya vyuma nikimhimiza asiondoke kana kwamba mayai ni yangu. Sikuweza kufanya kazi yoyote. Nilihesabu safari za dume kwenda na kurudi Burma. Akichelewa nilimtukana mvivu. Akirudi mikono mitupu, kama naweza kusema hivyo juu ya ndege, nilimtazama jike nione atasema nini.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Neno likishaingia sikioni halitoki. Mwewe walipokatiza hewani na kivuli chao kikapita sakafuni pa roshani, nilimvuta mtoto ndani. Nilifanya haraka, mama asinione. Nilijiambia ni jua kali. Jioni nilimshika paji la uso mara tatu, mara nne, nikamwambia binti yangu kwamba ninamzoeza kushikwashikwa. Kofia ile ningeweza kuitoa siku yoyote kabla makinda hawajatoka, jike akiwa ameondoka kidogo. Lakini kuitoa kungekuwa kukubali mbele ya mama kwamba na mimi ninaogopa, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko mti wenyewe.

Makinda wakatoka mwezi wa kumi, wawili, wenye manyoya ya pamba na macho makali. Mkubwa alimnyanyasa mdogo. Dume alipoleta kipande cha utumbo, yule mkubwa alikikanyaga mpaka ashibe, ndipo mdogo akafikiwa. Niligombana nao kutoka roshani, mama akacheka mpaka akakohoa, na mtoto naye, aliyekuwa sasa na miezi tisa, akapiga makofi bila kujua kwa nini. Kufikia mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja makinda walikuwa wameanza kuota manyoya ya kweli mabawani, wakisimama ukingoni na kupigapiga hewa. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa siku watakayoondoka, kwa sababu sikujua ningetazama nini baada yao.

Siku ile mtoto aliamka na homa. Binti yangu alitaka kukaa nyumbani, mimi nikamwambia aende, nitamwangalia. Nilimpa dawa ya maji, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, homa ikashuka. Adhuhuri ilipoadhiniwa ikawa imepanda tena. Mama alikuwa anaswali ameketi kitini. Nilikuwa nimembeba mtoto begani nikizunguka naye, kama kawaida yangu, nilipohisi amekuwa mgumu. Nikamshusha nimwangalie. Macho yalikuwa yamegeuka juu, meupe, na mikono ilianza kurukaruka.

Nataka nieleze nilichofanya kama kilivyokuwa, bila kujitafutia udhuru. Mimi, wa kidato cha nne, niliyejua ni homa, sikufikiria homa. Nilifikiria kofia. Sikufikiria kitu kingine chochote. Mama alikuwa ametoa salamu ya mwisho ya swala, nikamwekea mtoto mapajani nikasema, "Subiri, naenda kuitoa." Nilimsikia akiuliza ninaenda kutoa nini, na nilikuwa nimeshafika ngazini.

Juu ya paa tulikuwa na mti mrefu wa kuinulia kamba za nguo. Niliuchukua, nikalala kifudifudi ukingoni, nikauelekeza kiotani. Kofia ilikuwa imeshonwa na miezi mitatu ya vijiti na kinyesi, haikutoka. Nikachokoa. Makinda wakajibana upande wa pili. Jike akanijia kutoka juu, nikasikia kucha zikipita kwenye ngozi ya kichwa, sikuacha. Nilichokoa mpaka nusu ya kiota ikameguka, na yule kinda mdogo akaenda nayo, akipiga mabawa yake mafupi ambayo hayakumsaidia. Sikumtazama akifika chini. Kofia ilikuwa imenasa kwenye ncha ya mti wangu. Nikaivuta, nikaikumbatia, nikashuka nikikimbia.

Nyumba ilikuwa tupu. Mkeka wa mama ulikuwa pale, bakora yake ilikuwa pale, viatu vyake vilikuwa mlangoni. Mama hakuwepo. Nilimsikia chini, sauti yake ikipanda kutoka kwenye kisima cha ngazi, akiita watu. Nilimkuta ghorofa ya kwanza. Mwanamke ambaye hakuwa ameshuka ngazi tangu Idi alikuwa ameteremka ghorofa tatu pekupeku, kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mtoto amemfunga kifuani kwa mtandio wake, kichwa wazi mbele za watu. Jirani wa mayai alikuwa ameshatoka na funguo za gari. Mama aliniona na kile kitu mkononi. Hakuniuliza. Alisema tu, "Panda gari."

Hospitalini walimpokea wakakimbia naye. Alikuwa bado anatetemeka. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu, alitayarisha sindano, na hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukamwomba asubiri, kwa sababu watu wetu pia husema dege halichomwi sindano, mtoto akichomwa anakufa. Nilikuwa sijalifikiria neno hilo tangu utotoni. Mama alinishika mkono akanivuta nyuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mchome, mwanangu," alimwambia daktari. "Usimsikilize huyu."

Mtoto alilegea. Kisha akalia, kilio chembamba cha hasira. Kifua chake kilikuwa kimejaa, wakamlaza. Tulikalishwa nje kwenye benchi refu, mimi na mama, damu ikinikaukia kwenye nywele. Nilimwambia sielewi. Miezi mitatu ananiuliza juu ya kofia kila asubuhi, na siku yenyewe ilipofika hakuitaja.

Ndipo aliponiambia kwamba sikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Kabla yangu alikuwepo mvulana. Alishikwa akiwa na miezi kumi, watu wakasema ni dege, sindano itamwua. Yeye akawasikiliza. Alimfunika kaniki, akamfukiza tangu asubuhi mpaka alasiri, na alasiri hakukuwa tena na wa kufukizwa. Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia chumvi.

"Nilitaka uitoe mtoto akiwa mzima," alisema. "Ili siku akiugua, pasiwe na mtu wa kuifikiria."

Nilikuwa nimeishi naye miaka hamsini na miwili nikimhesabu kuwa mwanamke wa imani za zamani. Nililia pale benchini bila kujificha uso, na yeye akanifuta damu kwa pindo la nguo yake.

Binti yangu alifika kutoka kazini Eastleigh, anahema. Alikuwa ameshaongea na daktari mlangoni, na daktari, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alikuwa amemwambia mtoto atapona, lakini ametetemeka muda mrefu kuliko inavyofaa, na kama angeletwa mapema kidogo ingekuwa bora. Jirani naye alikuwa ameshasema jambo juu ya kofia na kiota. Binti yangu akasimama mbele yetu akauliza nani alichelewesha. Alikuwa ananiangalia mimi, lakini si kwa kunishuku. Alikuwa anasubiri nimwambie.

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilimtuma akaitoe kofia kwanza."

Binti yangu hakushangaa. Kwa nini angeshangaa? Mzee wa pwani, sheria za kuanika nguo, miezi mitatu ya kuuliza kama bado iko. Alikuwa amezisikia zote. Alimwambia bibi yake maneno ambayo sitayaandika. Mama aliinamisha kichwa akayapokea. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, na nikanyamaza.

Mtoto alirudi nyumbani siku ya nne. Juu ya mti kilibaki nusu kiota na kinda mmoja, yule mkubwa. Wazazi walikuwa wameleta vijiti vichache kuziba pengo, na dume bado alikwenda Burma asubuhi akarudi. Jike hakunisahau, nikipanda juu ya paa alinizunguka akipiga mluzi, nikawa naanika nguo na sufuria kichwani, majirani wakicheka. Chini ya mti hapakuwa na kitu. Paka wa ghala walikuwa wamefika kabla yangu.

Wiki hiyohiyo binti yangu alisema hataki mtoto aachwe chumba kimoja na bibi yake. Alilisema jikoni, taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kupayuka. Mdogo wangu wa kiume anakaa mtaa wa Fedha, nyumba ya chini, hakuna ngazi. Na magoti ya mama, baada ya siku ile, yalikuwa yamevimba na hayakurudi tena kama yalivyokuwa. Ilionekana kuwa jambo la busara tu. Nilipokuwa nampangia nguo begini nilimwambia nitamweleza binti yangu ukweli jioni hiyo, akirudi.

"Ukimweleza atamwacha na nani?" mama akauliza. "Wewe ndiye wa kukaa naye kutwa. Akinichukia mimi, mtoto hapungukiwi kitu."

Nikafunga zipu ya begi. Najua kulikuwa na jibu la kumpa. Sikulitafuta kwa bidii.

Yule kinda aliruka mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki. Niliporudi kiota kilikuwa wazi. Kwa siku kadhaa alionekana juu ya tangi la maji la jengo la pili, akiwalilia wazazi wamletee, kisha sikuweza tena kumtofautisha na mwewe wengine wa Burma.

Imepita mwaka na zaidi. Mjukuu wangu anakimbia, anapanda viti, anasema hapana. Mara mbili nimeomba nimpeleke Fedha, na mara zote mbili binti yangu alijibu, "Siku ingine, Mathe," huku akitafuta kitu kwenye mkoba wake. Mwezi uliopita nilimsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba yeye hana wasiwasi wa mtu wa kumlelea, mathe wake haamini hizo vitu za kienyeji, mathe wake amesoma. Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna mpaka nikakuna na kidole changu.

Ijumaa huwa naenda Fedha peke yangu. Mama huniuliza kama mtoto anakula, kama amelala vizuri, kama ameanza kutamka maneno. Juzi nilimwonyesha kwenye simu video ya mtoto akikimbia kutoka mlangoni hadi roshani. Alishika simu kwa mikono miwili, karibu sana na uso, akatazama mpaka ikaisha. Akaniomba nimwekee tena. Nikamwekea. Nikamwambia, Mama, leo nikirudi nitasema. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Anakimbia kama wewe," alisema. "Weka tena."